Kamera ya Memsahibu Ndani ya Mto Nzoia

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi usitoe nje hata neno moja — si kwa mkeo, si kwa mchungaji, si kwa karani mwenzangu yeyote. Humu mna majina ya watu wasio na kosa. Na mna jina la Mzungu. Unajua maana yake mwaka huu wa hali ya hatari.

Jumatano, 4 Agosti 1954. Kitale

Naandika kwa hasira hata kalamu inachana karatasi. Kidole changu kimeniponza.

Bwana Hesketh, mpima ardhi, mwajiri wangu, ameletewa mtumbwi kutoka Ulaya. Mifupa ya mbao, ngozi ya turubai na mpira. Unakunjwa ukaingia katika mifuko miwili. Yeye anauita kayaki. Una viti viwili, na kila anayeketi hufungwa kitambaa kiunoni ili maji yasiingie. Nderitu, dereva wetu, alipokiona kitambaa hicho alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Ati Bwana atavaa sketi! Karani, na wewe utashonewa yako?"

Nilicheka. Sikujua.

Leo asubuhi Bwana alitandaza ramani mezani. Anataka kuteremka Nzoia, kuanzia Hoey's Bridge mpaka karibu na Broderick Falls. Akaniuliza kama naujua mto upande wa Bungoma. Naujua — nimezaliwa Ndivisi. Basi mimi, mtu wa kupenda kila jambo liwe sawa, nikaweka kidole juu ya kona moja ya mto. Nikasema: Bwana, hapa tafadhali usipite alfajiri mwezi huu. Ni mwaka wa kutahiri. Vijana huletwa hapa kupakwa matope kabla ya kurudi nyumbani kwenye kisu. Mgeni haoni. Mwanamke haoni, hata mama mzazi.

Nilidhani namwonya! Akauliza, wanakuwa uchi? Nikasema ndiyo. Akauliza, saa ngapi hasa? Nikamjibu. Kwa Kiingereza safi cha shule ya misheni nikamjibu vizuri kabisa.

Jioni akaja ofisini na kamera ya Memsahibu.

Kamera hiyo ni ya Kijerumani, ya marehemu baba yake Memsahibu. Mshahara wangu wa miaka hauinunui. Juzi, kabla Memsahibu hajapanda treni ya Nairobi, alimwambia mumewe mbele yangu kwamba vitu vya baba havitoki kabatini. Bwana akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Memsahibu mwenyewe si mtu mpole. Mimi huniita "boi", na jina langu analijua. Lakini kamera ile huifuta kwa mkono wake, hamwachii mtumishi.

Bwana akaniwekea mezani. "Karani, wewe nakaa mbele. Wewe nashika hii. Mikono yako safi."

Nikasema: Bwana, mimi sijui kuogelea.

"Kamera pia hapana jua," akasema. Akacheka peke yake.

Alhamisi, 5 Agosti. Kando ya mto, chini ya Hoey's Bridge

Nilikataa kuishika kamera hivi hivi. Nilitafuta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaukata, nikauvisha mfuko wa kamera, nikakaza ncha zote mbili. Kisha nikachukua kamba nyekundu, ile tunayovuta mashambani kupimia. Ncha moja nikaifunga kwenye pete ya mfuko. Ncha ya pili kwenye ubavu wa mtumbwi, mbele ya magoti yangu. Fundo juu ya fundo, na nta ya mshumaa juu yake. Hata nikizama mimi, kamera itabaki na mtumbwi.

Bwana akasema nafunga kama bibi kizee. Na aseme.

Maji ni rangi ya chai ya maziwa. Mtumbwi unatetemeka kila nikipumua. Bwana nyuma yangu anapiga kasia na kuimba. Mimi mbele nimekumbatia kamera kama mama mwenye mtoto, na sketi kiunoni. Wanawake waliokuwa wakifua karibu na daraja walinyamaza tulipopita, kisha wakaangua kicheko cha kutosha wilaya nzima. Mmoja akaita: "Mzungu ameoa!"

Nimeshika shavu. Bado lina moto.

Ijumaa, 6 Agosti. Kambini

Nderitu alitukuta hapa na gari, kama tulivyopatana. Bwana anamtuma Bungoma leo hii akanunue petroli, alale huko, kesho mchana atungoje Broderick Falls. Nderitu hakupenda.

"Mkikuyu peke yake barabarani, mwaka huu? Nikisimamishwa nitasema nini, bana? Si Bwana aandike barua."

Bwana akamwandikia. Nderitu akaisoma mara mbili, akaiweka ndani ya kofia, kofia akaivaa. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Karani, ukiona Bwana ameanza kuimba tena, wewe ruka."

Akaondoka. Gari tupu — nililipakua mimi mwenyewe. Wakati wa kuagana nilikuwa nimeketi kando ya mtumbwi, kamera mapajani, ndani ya mpira wake. Nderitu hata aliigonga kwa kidole: "Lala salama, mtoto wa Mzungu."

Jua linashuka. Ng'ambo nasikia njuga za vijana wanaozunguka kualika ndugu zao. Najua tuko wapi. Kona ile iko mbele kidogo tu. Bwana amesema tutaanza safari kabla hakujapambazuka. Sikumuuliza kwa nini. Nimekaa hapa nakata kucha kwa meno.

Jumamosi, 7 Agosti. Kitale

Nimerudi. Niko hai. Nguo zimekauka mwilini na zinanuka mto.

Tuliteremka gizani bila kupiga kasia, Bwana akishikilia mizizi ya ukingo ili tusipige kelele. Kulipoanza kupambazuka tukaikuta kona.

Kijana alikuwa amesimama, matope mwili mzima, bonge la matope kichwani na unyasi umechomekwa juu yake. Wanaume walimzunguka. Miaka minane iliyopita nilisimama palepale. Baridi ile naijua mpaka kwenye mifupa. Unaambiwa: angalia mbele, hata dunia ikipasuka usigeuze shingo.

Bwana akaninong'oneza nitoe kamera. Nikasema imefungwa. Akasema fungua. Nikasema: "Bwana, hapana." Ndiyo mara ya kwanza maishani kumwambia Mzungu hapana, na nilisema kama mtu anayeomba maji. Akapitisha mikono juu ya mabega yangu. Fundo likamshinda. Akatoa kisu cha mfukoni, akaikata kamba yangu. Akachomoa kamera kwenye mpira wake, mfuko wa ngozi ukining'inia chini, kipande cha kamba nyekundu kikining'inia kwenye pete.

Ka! Picha moja. Sauti ndogo kuliko kuvunja kijiti, lakini wanaume wote waligeuka.

Kijana hakugeuka.

Kichwa changu kilikuwa kinamzuia Bwana, basi akainuka, akapiga magoti juu ya kiti chake ili apate picha ya pili. Mtumbwi wenye upana wa jeneza! Ukalala ubavu mara moja.

Sketi ilinikaba chini ya maji. Nilikunywa mto. Kisha mkono ukanishika ukosi wa shati ukanivuta kama gunia. Nilipofungua macho niliona mkono umejaa matope mpaka kiwiko, na juu ya mkono uso wa baba mdogo wangu, Walubengo. Aliyenilea baba alipofariki.

"Ni wewe," akasema.

Basi. Afadhali angenipiga. Wakamfunika kijana kwa miili yao, wakaondoka naye kwa njia nyingine, haraka, kama watu waliovamiwa. Nami ndiye niliyewavamia, na maji yakinitoka puani.

Ng'ambo Bwana alikuwa ameng'ang'ania mtumbwi anapiga kelele: "Karani! Kamera! Kamera iko wapi?" Hakuuliza kama nimekufa.

Bwana alinifuata na mtumbwi, tukateremka mpaka Broderick Falls, ambako Nderitu alikuwa akitungoja na petroli. Alikuwa amenichomea hindi, amelifunga kwa majani yake lisipoe. "Kula, Karani. Sketi imekukondesha." Nililila nikitazama pembeni. Bwana hakumwambia kitu juu ya kamera.

Tulipofika nyumbani, Nderitu akiwa anaosha gari, Bwana aliniita stoo. Alisema polepole, kwa Kiingereza, kila neno mahali pake. Kamera haikuingia kamwe mtumbwini. Ilibaki garini. Gari lilikuwa Bungoma na Nderitu. Nimeelewa?

Nikasema: "Ndiyo, Bwana."

Lile "hapana" lilikwenda wapi?

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani sikuimba.

Jumatatu, 9 Agosti

Wamemchukua. Askari wawili na ofisa, saa ya chai. Nderitu alikuwa chini ya gari anabadilisha oili. Walimvuta kwa miguu. Akadhani ni mimi namtania: "Wacha mchezo, Karani, bana!" Kisha akaviona viatu vyao.

Walipekua chumba chake wakamwaga unga wa mkewe chini. Wakasema ameiuza kamera Bungoma, kwenye duka la Mhindi. Barua ya Bwana aliyoificha kwenye kofia sasa ndiyo ushahidi wao kwamba alikuwa Bungoma! Barua aliyoiomba mwenyewe ili imlinde!

Ofisa akauliza ni nani mwingine aliyekuwa safarini. Bwana akasema, karani wangu, ataandikisha maneno yake Jumamosi, ni kijana mwaminifu. Akaniwekea mkono begani. Mkono ule ule uliokata kamba yangu.

Mwizi wa kawaida hufungwa, hutoka. Mkikuyu aliyeitwa mwizi na Mzungu, mwaka huu, hupelekwa kuchujwa kama mwasi, na kutoka huko hadi kambini ni hatua moja. Nderitu amezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia, kwenye shamba la Mzungu mwingine. Anajua magari na vichekesho, basi.

Mimi naogopa. Naandika wazi: naogopa polisi, naogopa Bwana, naogopa kufukuzwa, naogopa kurudi Ndivisi na sanduku kichwani. Lakini leo nimegundua hasira nayo ina nguvu. Nimevunja rula yangu ya ofisini. Vipande viwili. Nimeviweka ndani ya droo kwa mpangilio.

Jumanne, 10 Agosti

Rahab, mke wa Nderitu, amekuja mlangoni kwangu na mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Karani, si wewe ulikuwa huko?"

"Nilikuwa."

"Hiyo kamera Nderitu alichukua?"

Nikachungulia nje kama kuna mtu. Akasema: "Mimi siulizi polisi, nauliza wewe. Wewe umekula kwangu. Mtoto huyu anakuita baba mdogo."

Nikamwambia hakuchukua. Nikamwambia ilianguka mtoni, na kuna mambo ya pale mtoni ambayo siwezi kuyasema.

"Ati huwezi!" Alicheka, kicheko kibaya. "Mdomo wako una kazi gani basi? Wa kusema yes sir?"

Akaenda zake. Ni kweli. Lakini yeye hajui. Nikimwambia polisi kamera ilizama wapi, atauliza: mlikuwa mnafanya nini pale alfajiri? Wale watu walikuwa wakifanya nini? Atataka majina. Ataandika kijana alivyosimama, na makarani wenzangu watachapa kwa mashine wakicheka. Mahali pale hapaandikwi. Hata humu nimeandika kupita kiasi.

Na bila kamera, ni neno langu na neno la Bwana. Nani atapima?

Nimeomba ruhusa ya siku mbili, mama ni mgonjwa. Mama hana hata kikohozi. Bwana amefurahi nikae mbali na Rahab. "Kwenda. Lakini Ijumaa rudi. Memsahibu nakuja na treni ya jioni."

Alhamisi, 12 Agosti. Ndivisi

Nilifika jana kwa lori la mahindi. Mama, Agneta, alinipa chakula na hakuniuliza kitu. Hiyo ndiyo namna yake ya kusema amesikia.

Baba mdogo Walubengo alinifanya nimngoje leo mpaka amalize kupalilia. Hakuharakisha hata jembe moja. Tulizungumza Kibukusu, naandika nilivyoelewa.

"Umekuja bila mume wako?" akasema. Habari za sketi zimefika mpaka huku!

Nikamwambia yote. Habari ya kidole juu ya ramani pia. Hapo aliacha jembe.

"Kwa hiyo hakupotea njia. Wewe ulimwonyesha."

"Nilimwonyesha ili apaepuke."

"Mzungu umwonyeshe mahali ili apaepuke! Na shule yote hiyo!" Alitema mate. "Yule kijana, mwana wa Wekoye, unajua alisimama vipi kwenye kisu? Kama nguzo. Hakupepesa. Watu wanasema aliyestahimili jicho lile la Mzungu hawezi kushindwa na kisu. Shukuru. Angetikisika, leo ungezungumza na baba yake, si na mimi."

Kisha nikamwambia habari za Nderitu. Alisikiliza akichokonoa udongo kwenye kucha. Akauliza kama ana watoto. Akauliza kama yule dereva naye alijua kuhusu kona ile. Nikasema hakujua, alikuwa Bungoma.

Akaingia nyumbani. Akatoka na kitu ndani ya jani la mgomba. Kamera! Waliitafuta kwa miguu siku ile ile, kama wanavyotafuta jembe lililozama, si kwa kuitaka bali kwa sababu hawakutaka jicho lile lilale mahali pa matope. Walikuwa wanangoja wazee waamue waichome au waizike.

Kipande cha kamba nyekundu bado kilikuwa kwenye pete. Fundo langu, na nta yangu.

"Ndani yake mna yule kijana?" akauliza.

Nikasema ndiyo, kama maji hayakumfuta.

"Mtoe."

Nilikuwa nimemwona Memsahibu akiifungua. Nikafungua, nikavuta filamu yote, utepe mrefu uliojaa mchanga, nikauanika juani mbele yake. Kisha akautia motoni mwenyewe. Ulinuka vibaya. Alibaki hapo mpaka ukaisha.

Nikamwomba twende pamoja Kitale, awe shahidi. Akakataa papo hapo. "Nisimame mbele ya askari niseme nilikuwa na matope mkononi kwa sababu gani?" Lakini nilipokuwa naondoka akaniita. "Wabwile. Wakikuuliza uliipata wapi, sema mtoni."

"Watauliza mto upi, wapi."

"Nzoia. Ni mrefu. Sema mlipinduka, watu wakakutoa majini, watu wakaiokota. Huo ni uongo?"

Nikasema si uongo.

"Basi yaliyobaki si yao."

Nimekaa chini ya paa la mama nayatamka maneno hayo. Tulipinduka. Watu wakanitoa. Watu wakaiokota. Yanatosha. Siku zote hizi nilidhani lazima niseme yote au ninyamaze kabisa! Karani mzima! Ninakasirika mpaka na hilo.

Ijumaa, 13 Agosti. Stesheni ya Kitale

Naandika juu ya goti, kwenye benchi la abiria wa daraja la tatu. Kamera iko ndani ya kikapu cha mama, chini ya ndizi.

Nilifika mchana nikapita ofisini kabla Bwana hajarudi kutoka kula. Nina ufunguo wa stoo. Mtumbwi umo, umekunjwa. Ubavu wa mbele una ncha ya pili ya kamba yangu, imekatwa kwa kisu, nta juu yake. Alikausha kila kitu, akapaka mafuta kila kitu, fundo langu hakuliona. Bibi kizee! Sikuligusa. Likae pale pale mpaka aje mtu wa kuliangalia.

Polisi siwapelekei. Wangempigia Bwana simu kabla sijamaliza sentensi. Nampa mwenye mali. Memsahibu ataniita boi. Huenda atapiga kelele. Huenda atasema nimeiba mimi, nao wawe na wezi wawili. Simjui moyo wake. Najua tu kwamba akiona mchanga ndani ya kitu cha baba yake, atauliza swali moja, na swali hilo atamuuliza mumewe.

Rahab yuko nje kwenye uzio. Nilipita kwake nikamwonyesha kikapu. Hakusema ahsante. Alisema, "Si nikufuate, usije ukatoroka." Nikasema nifuate. Anatafuna muwa, anatazama kisogo changu.

Gari la Bwana limeingia. Analiendesha mwenyewe, vibaya. Ameniona. Ananiita kwa kidole — njoo. Sijainuka.

Naandika upesi.

Ukinihitaji, usiulize ofisini. Watasema hawajapata kuwa na karani wa jina hilo. Nenda lokesheni, mtaa wetu Waafrika, safu ya mwisho, mlango wenye rangi ya buluu. Ukiwa umefungwa, Rahab wa Nderitu yuko mlango wa tatu kutoka hapo. Nitampa ufunguo na daftari hili. Naye akiwa ameondolewa, shuka Broderick Falls, uliza njia ya Ndivisi, kwa Walubengo. Nenda mchana. Mtoni usipite alfajiri.

Na kama ni polisi ndio wenye kujua nilipo, usiwaulize karani wa Bwana Hesketh. Waulize Wabwile, yule aliyeketi kiti cha mbele.

Treni inapiga honi. Bwana anakuja huku kwa miguu. Namwona Memsahibu dirishani, ananyoosha shingo. Nimeshika kikapu kwa mkono mmoja, nainuka kumwendea yeye, si Bwana, na